Kumi na Mbili kwa Wino Mwekundu

Mtu akiingia ofisini kwangu namuuliza maswali matatu kabla sijagusa kompyuta. Unaenda kufanya nini? Lazima uwe umefika lini? Nani anakupokea? Wengi hukasirika. Wanataka bei tu, kama wamekuja kununua nyanya. "Dada, niambie kiasi gani, nina haraka." Nawaambia keti. Kuna mzee mmoja aling'ang'ania tiketi ya bei poa kwenda kwenye harusi ya mwanawe, na tiketi hiyo ingemfikisha siku watu wanarudisha viti vya kukodi. Nilimuuliza swali la pili, akafungua kinywa, akakifunga, akaketi. Leo hii hakati tiketi kwa mtu mwingine.

Kisha naandika saa. Tiketi ina saa zake na sisi tuna zetu. Tiketi ikisema 07:00, kuna mtu atakwenda uwanja wa ndege saa saba mchana na mabegi na watoto, amependeza, na ndege iliondoka saa moja asubuhi. Nimewaona kwa macho yangu, wamekaa juu ya mabegi yao wanatazamana. Kwa hiyo nina kalamu mbili. Ya bluu naandika saa kama ilivyo kwenye tiketi. Nyekundu naandika saa ya kwetu, ya mdomoni, tena naongeza asubuhi, mchana au usiku, na usiku wa kuamkia lini. Bluu ya ndege, nyekundu ya binadamu. Mwenzangu wa meza ya pili nilimfundisha hivyo hivyo siku yake ya kwanza, na akikosea namrushia karatasi.

Najisifu? Ndiyo, najisifu. Miaka kumi na tisa hakuna mteja wangu aliyeachwa na ndege. Ukimsikia yupo, nipigie simu.

Sasa nikueleze ya nyumbani. Tulizaliwa watatu. Kaka mkubwa anauza vigae, ana duka refu lenye vioo, na mtaa mzima unamwita Najua. Jina hilo kajipa mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimwambia mvua inanyesha atakujibu "najua," na huku amelowa. Mimi ni wa pili, wananiita Dada Tiketi. Wa mwisho alikuwa Kitinda, kitindamimba wa Mama, aliyekwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akabaki. Alikuwa peke yake kule, hana mume wala mtoto. Mwaka ule moyo wake ukaanza kumsumbua, mlango mmoja wa ndani haufungi vizuri, na baada ya kusubiri foleni miezi mitano hospitali ikampa siku ya kupasuliwa: Jumatatu, asubuhi na mapema. Mama alitakiwa awe pale kabla ya hiyo Jumatatu. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, mengine yote ni mapambo.

Kitinda alinipigia mimi kwanza. "Dada, mkatie wewe tiketi. Usimwachie Kaka, nakuomba. Nimewaambia madaktari sawa, nimetia sahihi, lakini siwezi kuingia mle ndani kama sijashika mkono wa Mama. Naogopa, Dada." Nikamwambia alale, Mama nitamleta mimi. Nilisema hivyo hivyo, nitamleta mimi.

Jioni yake nikaenda kwa Mama na daftari langu na kalamu zangu mbili. Nikamkuta Kaka kakaa kwenye kochi, mguu juu ya mguu, simu mkononi.

"Nimeshakata," akasema.

"Umekata nini?"

"Tiketi ya Mama. Dakika saba. Ni kubofya tu, mdogo wangu. Bofya, bofya, jina, paspoti, kwisha. Miaka yote hii nyinyi mmekuwa mkiwala watu hela kwa kubofya."

Mama akasema, "Baba, si ungemwachia mwenzio? Ndiyo kazi yake."

"Mama, najua. Lakini mtu mzima hamlipi mtu ambofyee."

Nikarudisha daftari kwenye mkoba. Mama alinitazama akaniomba kwa macho nisianze ugomvi, na sikuanza. Nilikunywa chai yangu, nikaosha kikombe, nikaondoka. Ila moyoni nilichemka, kwa sababu mtu akiita kazi yako kubofya mbele ya mama yako mzazi, anakuwa amesema na miaka yako yote kumi na tisa ni ya kubofya.

Jumanne asubuhi akaiweka tiketi kwenye grupu la familia, ili mashangazi na binamu wote waione. Chini yake akaandika: "Mama anaondoka Jumamosi usiku, anafika Jumapili jioni. Bila wakala." Akaweka na vikatuni viwili vinavyocheka. Nikaifungua pale pale mezani kwangu. Jumamosi, 00:40.

Unaona? Kama huoni, usijali, ndiyo maana nina ofisi. Ndege ya Jumamosi 00:40 haiondoki Jumamosi usiku. Inaondoka usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Sifuri ni mwanzo wa siku, na kwenye tiketi siku inaanza katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Jumamosi jioni, wakati Kaka anampakia Mama kwenye gari, ndege yake ingekuwa imeshatua huko na kusafishwa.

Nilicheka mpaka mwenzangu akageuka kuniuliza kuna nini. Nikasema hakuna. Kisha nikaweka dole gumba chini ya ile tiketi, sawasawa kama walivyoweka mashangazi.

Usiniulize kwa nini sikusema Jumanne. Nilitaka aniulize. Ningetosheka na swali moja tu: "Hebu itazame, mdogo wangu, iko sawa?" Nikangoja Jumanne, nikangoja Jumatano, Alhamisi simu yangu ikalia nikairukia, kumbe ni watu wa umeme. Shirika la ndege lilimtumia Kaka ujumbe wa kumkumbusha, nina hakika, huwa wanatuma. Ulikwenda kwenye barua pepe aliyofungua siku hiyo ya kubofya na ambayo hajaifungua tena mpaka leo.

Ijumaa mchana nikajishinda, nikaenda dukani kwake. Nilikwenda na nia safi. Angalau nusu yake ilikuwa safi. Nikamkuta na wateja watatu, mume na mke na fundi wao, wanachagua vigae vya bafuni. Kabla sijasalimia akaanza.

"Aa, Dada Tiketi. Jamani, huyu ni mdogo wangu wa damu. Kazi yake ni kulipwa kwa kuwasomea watu maandishi waliyoshika mkononi."

Wakacheka. Fundi alicheka zaidi kuliko wote, kama kalipwa.

"Kaka," nikasema, "nina neno na wewe pembeni. Kuhusu tiketi ya Mama."

"Umefuata kamisheni? Kamisheni ya Mama haipo." Akainama chini ya meza, akatoa kipande cha kigae kilichovunjika, cheupe chenye maua, akanitia kiganjani. "Haya, chukua hicho, usiseme umetoka mikono mitupu."

Basi. Nikakitia kile kigae mkobani, nikageuka, nikatoka. Njiani nilikuwa naongea peke yangu. Nilisema nitamkomesha, nitamtia adabu mbele ya watu, mpaka jina lile la Najua limtoke kama ngozi.

Na usinione mnyama. Mimi ni mtu wa kazi, nilishapiga hesabu. Nilifika ofisini nikafungua ndege ile ile ya usiku unaofuata, ya Jumamosi kuamkia Jumapili. Ilikuwa na viti viwili tu. Nikamshikia Mama kimoja. Kushika kiti si kukinunua. Kompyuta inakuwekea jina na inakupa kikomo, saa ya mwisho kesho yake, ikifika hujatoa tiketi kiti kinarudi kwa wengine. Mama angeondoka usiku ule ule ambao familia nzima ilidhani anaondoka, angefika Jumapili jioni, angemshika Kitinda mkono Jumatatu alfajiri. Hakuna ambacho kingepotea isipokuwa uso wa Kaka. Kikomo nikakiandika pembeni ya daftari kwa kalamu iliyokuwa karibu, kwa sababu ile nyingine mteja alikuwa ameondoka nayo: "Mama, kiti, 12." Nikafunga daftari. Mwenzangu sikumwambia kitu. Sikutaka ajue.

Usiku ule ndege ikaondoka bila Mama, na mimi nililala usingizi mzuri.

Jumamosi Kaka alialika watu nyumbani kwake kumuaga Mama. Kabla ya kwenda nikatazama daftari. Kumi na mbili kwa wino mwekundu. Nyekundu ni saa ya kwetu, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa na siku nzima. Nikavaa sare yangu ya ofisi, shati jeupe lenye nembo mfukoni, ingawa Jumamosi ilikuwa zamu ya mwenzangu. Nilitaka wakumbuke kazi yangu ni nini.

Nilifika saa nne. Begi la Mama lilikuwa kizingitini, limefungwa kamba ya kijani ili alitambue. Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti cha pembeni amekumbatia pochi yake, ndani mna paspoti, dawa zake za presha, na soksi za sufu alizomfumia Kitinda kwa sababu alisema miguu yake inapoa. Alinionyesha. Alikuwa amefuma moja ndefu kuliko nyingine. "Miguu yenyewe atakuwa kitandani," akasema, "nani atapima." Tukacheka, mimi na yeye. Ndege yake ilikuwa angani tangu usiku na mimi nikacheka naye.

Ningeweza kusema pale pale. Nilitazama sebule, nikaona mashangazi hawajatimia. Nikangoja watimie. Wakatimia saa tano. Saa sita wifi akasema chakula kinakaribia, nikaona si vizuri kuwaharibia watu chakula. Saa saba tukala. Nilikula vizuri, nikaomba mchuzi tena. Saa nane Kaka akasimama, akagonga glasi kwa kijiko.

"Ndugu zangu," akasema, "leo Mama anapaa. Na nataka mjifunze kitu. Dunia imebadilika. Zamani tuliogopa tiketi, tukaogopa viza, tukaenda kupanga foleni kwa watu wenye mashati meupe." Watu wakanigeukia wakicheka. "Siku hizi ni kidole chako tu."

"Kaka," nikasema, "hebu tusomee hiyo tiketi. Wengine hatujawahi kuona iliyokatwa bila wakala."

Akafurahi, maskini. Akatoa simu. "Jumamosi," akasoma. "Sifuri sifuri, arobaini. Yaani saa sita na dakika arobaini usiku. Najua."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumamosi, si nimesema."

"Jumamosi ya kwenye tiketi inaanza saa ngapi?"

Akanitazama. Shangazi mkubwa akauliza kwani vipi. Nikasimama. Nikaongea polepole, kama ninavyoongea na wateja wagumu wa kuelewa.

"Ukipima kigae kwa rula, Kaka, unaanzia wapi? Unaanzia sifuri. Sifuri ni mwanzo, si mwisho. Saa sifuri na dakika arobaini ya Jumamosi ilikuwa usiku wa kuamkia leo. Mama alikuwa amelala. Ndege yake imeondoka zamani, sasa hivi inakaribia kutua."

Kaka akatazama simu. Akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali. Midomo ikajaribu lile neno lake, na halikutoka. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo tangu Jumanne, na lilikuwa tamu, sitakudanganya. Wifi aliweka sahani chini. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siendi?"

"Mdogo wangu," Kaka akasema, "fanya kitu."

Nikanyamaza.

"Nakuomba. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Nakuomba mbele ya wote hawa."

Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Hapo ndipo nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi, kila kosa la asiyejua lina dawa kwa anayejua. Nikachukua mkoba na simu yangu nikatoka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, kwa sababu nilitaka nirudi ndani na tiketi imeshatoka. Nyuma yangu nilisikia Mama akisema anakwenda kunawa uso.

Nikampigia mwenzangu. "Fungua jina la Mama, kuna kiti nimekishika cha usiku wa leo. Kitolee tiketi, utumie kadi yangu."

Nikasikia vidole vyake kwenye vitufe. "Hakuna kitu hapa, dada."

"Tazama vizuri."

"Kulikuwa na kiti. Kimeanguka. Kikomo kilipita."

"Kikomo ni saa kumi na mbili. Sasa hivi saa nane."

"Ni 12:00, dada. Saa sita mchana."

"Nimeandika mwenyewe," nikasema. Sauti ilinipanda. "Nilimshikia kiti Mama tangu jana mchana, nikaandika mwenyewe, kumi na mbili, kwa nyekundu."

"Kwa nyekundu?" akauliza. Halafu, taratibu, kama anavyomwambia mteja: "Kompyuta haina nyekundu, dada."

Nikamwambia atafute kiti kingine. Ndege ilikuwa imejaa, kiti cha Mama kilichukuliwa saa sita na robo na mtu aliyekuwa kwenye orodha ya kungoja. Saa sita na robo mimi nilikuwa naogopa kuwaharibia watu chakula. Akatafuta kupitia njia nyingine, zote zilitaka viza ya kupitia ambayo Mama hakuwa nayo. Kiti cha kwanza kilichokuwa wazi kilikuwa cha usiku wa Jumatatu, kufika Jumanne. Nikamwambia akate hicho. Nilibaki pale kwenye tangi, bomba linadondoka kwenye ndoo, nikatazama daftari langu lile. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimemcheka Kaka siku nne kwa kosa la saa, na la kwangu nilikuwa nalo mkobani.

Nilirudi ndani nikasema viti vimekwisha mpaka Jumatatu usiku. Maneno mengine sikusema. Sikusema lolote juu ya Jumanne, wala juu ya kiti. Shangazi mkubwa akamgeukia Kaka akamwambia, "Umeona sasa ujuaji wako?" Wifi akaanza kulia. Mama alikuwa amesharudi, uso umelowa maji, kakaa na pochi yake pale pale. Hakusema kitu kwangu wala kwa Kaka. Jioni walimpeleka uwanjani kujaribu bahati, kama kuna mtu hatatokea, wakasimama dirishani, wakarudishwa.

Jumapili nilimpigia Kitinda. Nilijitolea mimi, kwa sababu Kaka hakuweza kushika simu. Nikamwambia Mama atafika Jumanne, kulitokea kosa la tarehe. Aliuliza kama hospitali inaweza kusogeza siku. Alishawauliza, kumbe. Walimwambia akikosa Jumatatu anarudi mwisho wa foleni, na moyo wake hauna miezi mitano mingine.

"Ni Kaka, siyo?" akasema.

Nikanyamaza.

"Nilijua tu. Si kosa lako, Dada. Usimgombeze, mwambie namsamehe."

Jumatatu asubuhi muuguzi alimshikia Kitinda simu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mama akamsemesha, akamwambia kuhusu soksi, moja ndefu moja fupi. Kitinda akacheka, halafu akasema, "Mama, mkono." Mama akanyoosha mkono kuelekea kwenye simu, pale kwenye kochi, mbele yetu wote. Kisha simu ikakatwa. Kitinda hakuamka. Walisema moyo uligoma kuanza tena.

Mama akasafiri usiku ule ule kwa tiketi yangu. Saa nilimwandikia kwa rangi zote mbili na alifika bila tatizo lolote. Alimzika Kitinda Alhamisi, kule kule, akamvalisha zile soksi.

Kaka amebadilika. Lile neno halitamki tena. Ukimuuliza bei ya kigae anasema ngoja nitazame. Kila siku jioni anakwenda kwa Mama, anakaa sakafuni, anaomba msamaha kwa jambo lile lile. Na kwa kila mteja anayeingia dukani kwake anasimulia: nilikata tiketi ya mama yangu kwa simu, nikajiona bingwa, nikamkosesha kumuona mwanawe akiwa hai. "Msithubutu," anawaambia. "Nendeni kwa mdogo wangu. Yule anajua. Ningemsikiliza yule, mdogo wetu angekufa ameshika mkono wa mama yake." Analia mbele yao, jitu zima. Na watu wanakuja. Wanakuja kweli, wengine bado wana vumbi la vigae viatuni. Imebidi niongeze benchi ukutani na viti vinne. Sikuwahi kusifiwa hivyo maishani mwangu, na hakuna siku niliyomwambia aache.

Mwenzangu wa meza ya pili hajasema neno. Siku hizi anaandika saa kwa penseli.

Wiki iliyopita, asubuhi, Mama aliingia ofisini. Nilisimama nimpishe mbele, akakataa, akakaa kwenye benchi, akangoja nyuma ya watu watatu. Zamu yake ilipofika akaja kwenye kiti cha mteja, akaweka pochi mapajani. Karatasi zangu zilikuwa zimekandamizwa na kile kipande cha kigae chenye maua. Akakitazama.

"Nataka kusafiri," akasema.

"Mama, ungenipigia tu ningekuja nyumbani."

"Nimekuja kama wateja wako wanavyokuja. Nasikia unauliza maswali. Niulize."

Nikajaribu kucheka. Akangoja.

"Unaenda kufanya nini, Mama?"

"Kukaa na mwanangu kaburini."

"Lazima uwe umefika lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi? Hii inayokuja viti ni..."

"Ile uliyonishikia kiti."

Mwenzangu akasimama, akachukua kikombe chake, akatoka nje.

"Dirisha la bafu la kaka yako linatazama tangi," Mama akasema. "Nilikwenda kunawa uso. Nilikusikia ukisema umenishikia kiti tangu jana mchana. Nikajua ulijua." Hakupandisha sauti. Alikuwa anaongea kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. "Nikasema nisubiri, mwanangu atakuja aniambie mwenyewe. Kaka yako anakuja kila jioni kuniomba msamaha na kila jioni namsamehe. Nikangoja uje na wewe. Badala yake nasikia umeongeza viti."

Watu wawili walikuwa kwenye benchi, wamekaa na bahasha zao. Walikuwa wametumwa na Kaka.

"Swali la tatu," Mama akasema. "Hujaniuliza la tatu."

Nikatikisa kichwa.

"Uliza."

"Nani anakupokea?"

"Hakuna," akasema.

Akafungua pochi, akatoa paspoti, akaiweka juu ya meza katikati yetu. Kisha akanitazama usoni, akangoja. Nilijua anangoja nini. Neno lenyewe ni dogo, mtoto mdogo analisema akimwaga maji. Nilifungua kinywa nilitoe. Nikachukua kalamu ya bluu, nikaitazama nyekundu, na nikajisikia namuuliza, kwa sauti yangu ile nzuri ya wateja, kama anapenda kiti cha dirishani au cha njiani.